Maji Yaliyofungwa

Jumatatu, 7 Agosti

Leo wiki sita kamili tangu nitoke nyumbani. Tumehamia shamba jipya, huku mwisho kabisa wa kusini. Mbele yetu hakuna nchi nyingine, ni bahari na barafu tu. Banda la kunyolea ni la zamani, sakafu ina nafasi kati ya mbao, upepo unapanda kupitia hapo mpaka kwenye mifupa. Kondoo elfu tatu, wote wana mimba. Lazima tuwanyoe kabla hawajaanza kuzaa.

Tuko watano kwenye mashine. Mgongo wangu umeanza tena, palepale juu ya kiuno, upande wa kulia. Nina miaka arobaini na minane. Wale niliojifunza nao kazi wote wameacha. Mmoja anauza bima.

Mpishi wetu, Shangazi Wiki, hayupo. Ni mwenyeji wa pwani hii. Athol, bosi wetu, alimwajiri tulipovuka kuja kusini. Athol anasema tangu jana mama huyo ana shida za kifamilia. Kwa hiyo tunapika kwa zamu. Leo ilikuwa zamu ya Dallas. Dallas ana kasi kuliko sisi wote bandani, anatoka Te Kuiti, mji wa mabingwa wa kunyoa, na haachi usahau. Soseji zake zilikuwa nyeusi nje na bado baridi ndani.

Aliona ubao wangu wa kupanda mawimbi juu ya gari wakati wa kushusha mizigo. Akaniuliza mbele ya watu:

"Pera, mzee wangu, huo ubao wa kupigia pasi umeuburuta nchi nzima wa nini? Shati lenyewe huna."

Watu walicheka. Nikacheka nami. Ni kweli sina shati.

Ubao haujagusa maji wiki zote sita.

Jumanne, 8 Agosti

Kazi. Kondoo wagumu, ngozi imekunjamana shingoni. Mvua imeanza jioni.

Ukisimama kwenye ngazi ya juu ya banda, upepo ukigeuka, unaisikia bahari. Nilimuuliza Athol. Akasema kuna njia ya trekta inapita malisho ya nyuma, inaishia Ghuba ya Hinaki. Yeye hajawahi kufika. Anaogopa maji hata ya kuoga, alisema Dallas.

Simu haishiki hapa. Mpaka upande kilima chenye tangi, usimame upande mmoja. Nilipanda. Mke wangu Ngaire yu mzima, bomba la jikoni linavuja, binti yetu amepata kazi kwenye ghala la matunda. Halafu Ngaire akauliza kama ubao bado uko juu ya gari. Nikasema upo. Akasema anajua nini maana ya mimi kusema upo. Tulishakubaliana zamani: siingii kwenye maji nisiyoyajua peke yangu. Nikamwambia hapa kuna baridi mno, usiwe na wasiwasi.

Jumatano, 9 Agosti

Mvua ilikatika alfajiri. Nusu ya kondoo walilala chini ya banda, nusu walikuwa nje.

Sheria ni ileile kila ninapofanya kazi. Kila mtu ananyoa wawili, anawapapasa, halafu anaandika kwenye kipande cha karatasi: wamelowa, au wamekauka. Hakuna kuzungumza. Karatasi zinaingia kwenye kofia ya bosi. Sufu iliyolowa inakuletea majipu na maumivu ya viungo, na ikifungwa kwenye robota inaoza. Kwa hiyo wengi wakiandika wamelowa hakuna kunyoa, na kilichotoka kwenye kofia hakibishiwi, hata na mwenye shamba.

Wangu wawili walikuwa wakavu. Unyevu kidogo shingoni, basi. Tumboni wakavu kabisa.

Niliandika "wamelowa".

Naandika hili hapa kwa kuwa hapa hakuna anayesoma. Miaka thelathini sikuwahi kudanganya kwenye kofia. Athol alizifungua: tatu wamelowa, mbili wamekauka. Siku ya kazi ikaisha saa mbili asubuhi. Dallas alilitupa taulo lake ukutani, akasema humu ndani kuna mtu amechoka kazi na haoni haya. Hakunitazama mimi. Alikuwa anautazama ubao kule nje juu ya gari.

Niliomba pikapu ya Athol. Mageti matatu, nikayafunga yote. Ghuba imepinda kama mundu, mchanga wa kijivu, mgumu chini ya mguu. Hakuna mtu. Hakuna gari. Simba wa bahari mmoja alikuwa amelala kama gogo. Nilimzunguka kwa mbali. Kwetu, pwani ya mashariki, hata ukifika giza halijaisha, unawakuta watu kumi wameshakutangulia majini. Hapa hakuna hata mmoja! Nikafikiri ni baridi. Nikafikiri watu wa huku wana akili kuliko sisi.

Nilikaa kwanza nikitazama. Maji usiyoyajua unayatazama mpaka macho yachoke. Mawimbi yalikuja manne manne, halafu kimya. Yalivunjika vizuri kutoka kwenye rasi ya mashariki, yakikimbia kuelekea kulia kwangu. Kati yake na mwamba kulikuwa na njia ya maji laini, yenye rangi ya chai, yanayotoka nje. Mkondo. Nikauona, nikauweka kichwani.

Nikasema maneno yangu kwa maji. Ya kwetu, maana ya watu wa huku siyajui. Nilisema mimi ni nani, mlima wetu upi, nimekuja kwa amani.

Suti yangu ya mpira ni ya maji ya kwetu. Nyembamba, imepasuka kwapani, nimeiziba kwa gundi. Maji yalipopenya pale kwapani nilitoa sauti ambayo nashukuru Dallas hakuisikia. Kichwa kiliuma kama kimebanwa mlangoni. Baada ya dakika kumi vidole havikuwa vyangu tena.

Lakini mgongo! Mgongo ulinyamaza. Kazi inanikunja mbele mwaka mzima, ubao unanikunjua. Sijui nimweleze nani jambo hili aelewe. Watu wanadhani naenda kucheza.

Nilipata mawimbi sita. Matatu mazuri. Moja lilinichukua kutoka kwenye rasi mpaka karibu na mchanga, limesimama juu yangu muda wote bila kuniangukia, na sikuwa nafikiri kitu chochote. Hata kondoo.

La saba nilikosea. Nilisimama kwa kuchelewa, likanitupa, nilipotoka juu nilikuwa ndani ya ile njia ya rangi ya chai. Mikono ilikuwa imekwisha. Nikafanya kama nilivyofundishwa, sikupigana na mkondo. Nililala juu ya ubao nikauacha unipeleke. Ukanizungusha nyuma ya rasi, katikati ya mwani mnene kama mikanda ya ngozi. Huko hakuna mchanga, ni ukuta wa mwamba tu. Chini ya ukuta kuna mpasuko, mwamba umeinama juu yake kama paa. Maji yalikuwa yamekupwa kabisa, ndiyo maana niliuona.

Ndani ya mpasuko lilikuwepo dumu jekundu. Lile la dawa ya minyoo ya kondoo, kila shamba wanalo. Limefungwa kamba ya bluu inayoshuka chini moja kwa moja. Nikafikiri ni mtego wa kamba-koche wa mtu, umekwama. Niliishika ile kamba, nikaivuta kidogo. Nzito. Nikaiacha. Mtego wa mtu si wangu.

Nikapumzika, nikazunguka kwa nje ambako mkondo hauna nguvu. Safari ndefu. Niliposhuka mchangani nilitambaa kama mtoto.

Upande wa ndani wa mwamba uleule kulikuwa na kome wakubwa kama kiganja. Nilijaza ndoo.

Usiku huu tumekula kama watu. Nilipika kwenye sufuria kubwa ya Shangazi Wiki, na vitunguu na siagi. Hata Dallas alilamba bakuli. Akasema: "Babu, kesho wakikauka tena, waandikie wamelowa."

Kwa hiyo anajua.

Alhamisi, 10 Agosti

Kondoo wakavu. Kazi tangu asubuhi. Wakati wa chakula cha mchana Shangazi Wiki aliingia jikoni.

Alikuja kuchukua sufuria zake mbili kubwa. Kuna watu wengi wa kulisha nyumbani kwao, alisema, akitutazama kama asiyetuona. Macho yamevimba. Nikamsogezea kiti. Hakukaa. Alikuwa ameiona ndoo ya maganda mlangoni.

"Nani ameleta haya?"

Dallas alikuwa na mkate mdomoni. Akanionyesha kwa kidole gumba, akasema mwindaji wetu huyo hapo, kaenda Hinaki kuogelea na kurudi na kitoweo.

Aliniuliza lini. Nikasema jana.

"Na mmekula?"

Tulikula wote. Tulimaliza.

Hapo ndipo alipokaa. Akasema kwa sauti ndogo, bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. Teone, mtoto wa dada yake, miaka thelathini na mmoja, aliingia majini Jumamosi kuzamia paua, wale konokono wakubwa wa mwambani, peke yake kama kawaida yake. Gari lake lilikutwa mchangani, likaondolewa. Yeye hakutoka. Jumapili kaka yao Tiori akaweka rahui, mwiko juu ya maji, kutoka rasi mpaka mdomo wa mto. Hakuna kuingia, hakuna kuvua, hakuna kula kitu cha pale, mpaka Teone apatikane. Nguzo iko barabarani, ina kibao na kitambaa juu yake. Kila mtu wa pwani hii amesikia.

Mimi nilipita malishoni.

Sihitaji kuelezwa rahui ni nini. Kwetu nimewahi kusimama barabarani mwenyewe, siku tatu, kwenye mvua, nikirudisha magari ya watalii. Nimewahi kumtukana mzungu mmoja aliyesema anataka kulowesha miguu tu. Na ghuba nzima ilikuwa tupu mbele yangu jana, wimbi zuri halina mtu hata mmoja, na kichwa hiki hakikujiuliza kwa nini.

Nimechuma na kula palipolala mtu. Nimewalisha na wenzangu.

Dallas alisimama akatoka nje. Tulimsikia akitapika kwenye ua. Athol alisema aliambiwa kijana amepotea baharini, hakuuliza bahari ipi, hakujua kama ni jambo la kututangazia. Shangazi Wiki aliichukua ile sufuria niliyopikia, akaipeleka kwenye kigogo cha kupasulia kuni, akaigeuza, akapiga shoka kwenye kitako chake. Mara mbili, ili pasiwe na wa kuiziba. Halafu akaichukua ile nyingine.

Mlangoni akaniambia:

"Ungeniuliza, mwanangu."

Nikamwambia hakuwepo.

"Ndiyo," akasema. "Sikuwepo."

Mchana nimenyoa kama mlevi. Nimewakata wawili, nikawashona.

Ijumaa, 11 Agosti

Kwenye chai ya saa tatu na nusu, mwenye shamba, mama mmoja anaitwa Shona, alituletea mikate ya moto yenye jibini. Yeye pia amekuwa akitafuta. Alisema watu hamsini wanatembea kwenye fukwe za magharibi tangu Jumapili, kwa sababu mkondo wa pwani hii huelekea magharibi. Helikopta imekuja mara mbili, haikuona kitu. Mashua ya polisi haiwezi kusogea karibu na mwamba, mwani unakaba injini.

Akatuomba tukitembea popote tuangalie dumu jekundu. La dawa ya minyoo. Yeye ndiye aliyempa Teone, mwaka jana, alifanye boya lake. Kijana akizamia alikuwa anajifunga kamba ya bluu kwenye mkanda, upande wa pili dumu.

"Mkiona dumu," alisema, "mmemwona Teone."

Na keshokutwa, Jumapili, kuna mawimbi makubwa yanakuja kutoka kusini, marefu kama nyumba ya ghorofa. Yakipita hayo hapatabaki kitu cha kutafuta.

Nilikuwa na kikombe mkononi. Nikakiweka chini.

Kengele ikalia nami nikarudi kwenye mashine. Naandika bila kujitetea. Nilinyoa zamu nzima ya pili, saa mbili nzima, huku najua. Kila niliyemburuta kutoka zizini nilisema nikimaliza huyu nasema. Kwa sababu kusema nimeliona dumu si jambo gumu. Gumu ni lile la pili. Niliishika kamba. Niliivuta. Nilisikia uzito. Nikaenda kuchuma kome.

Saa sita kengele ikalia tena. Nilimwambia Athol naomba ufunguo wa pikapu na zamu ya tatu sitakuwepo. Akauliza nani atashika nafasi yangu, kondoo wameshaingizwa. Dallas alikuwa amelala sakafuni ananyoosha mgongo, kofia usoni.

"Nitawanyoa wa zizi lako," alisema chini ya kofia. "Nenda."

Hakuuliza ninakwenda wapi.

Jumba la ukoo wa Shangazi Wiki liko kilomita ishirini. Mgeni haingii tu, anangoja langoni aitwe, na anatakiwa awe na watu wake wa kuitikia. Sikuwa na watu. Nilisimama langoni na suruali ya kazi, imekakamaa kwa mafuta ya kondoo. Uani kulikuwa na magari mengi na buti zimepangwa. Shangazi Wiki aliniona kupitia dirisha la jikoni. Hakuniita ndani. Alitoka yeye, na aproni yake, akasimama upande wake wa lango.

Nikamwambia pale pale. Alilishika lango kwa mikono miwili. Halafu akaenda, akarudi na Tiori.

Tiori ni mtu mzima wa miaka sabini na kitu, alikuwa dereva wa greda la barabara. Buti za mpira, sigara haijawashwa. Alinitazama kuanzia chini.

"Wewe ndiye mla kome."

Nikasema ndiye.

"Watu wa mashariki," akasema. "Kucheza na maji mnajua. Kusoma kibao hamjui?"

Nikamwambia sikupita barabarani, nilipita malishoni.

"Kibao nimekipigilia mwenyewe. Sikujua kuna mtu atakuja na njia ya kondoo."

Mtu nyuma yake alicheka kidogo, akajizuia.

Nilieleza habari ya dumu. Nikaeleza mara ya pili nikichora kwa fimbo kwenye changarawe: rasi, mkondo, ukuta, mpasuko. Nikasema unaonekana tu maji yakikupwa kabisa, na ukiwa chini, kwenye usawa wa maji. Wa juu ya mwamba haoni. Wa helikopta haoni. Halafu nikasema la kamba. Sikuweza kuliacha.

Watu walikuwa wameongezeka bila mimi kuwaona. Mwanamke mmoja aliyevaa koti la kiume akaniuliza:

"Ulipoivuta, ilikuvuta na wewe?"

Nikasema hapana, mama. Ilikuwa nzito tu.

Akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa jibu alilolitarajia. Shangazi Wiki akamshika mkono, nikajua ndiye dada yake.

Nilimwambia Tiori wakitaka niondoke pwani yao nitaondoka leo. Nilikuwa nimeyapanga maneno hayo njiani, kilomita zote ishirini. Akanisikiliza, akaitoa sigara mdomoni.

"Ungekuwa mgeni ningekufukuza. Lakini umeshakula. Umekula pale alipo. Mgeni hali pale. Sasa umekuwa wa humu, upende usipende, na watu wa humu kesho wana kazi."

Alipiga simu polisi mbele yangu. Wapiga mbizi wao wanatoka mbali, watafika Jumatatu. Akawauliza kama wamesikia habari za Jumapili. Wamesikia. Akawauliza basi Jumatatu watakuja kutafuta nini. Akaikata.

Ndugu zao wengi wanazamia, lakini kwenye maji ya upande wa pili wa mto. Maji ya nyuma ya rasi aliyekuwa anayajua ni Teone. Na sasa mimi, mara moja, kwa kuchukuliwa.

Tiori aliniuliza kama nitaweza kurudi kule. Nikasema mikono yangu ilikwisha siku ile. Akasema hakuniuliza habari za siku ile.

Nikasema nitaweza.

Jumamosi, 12 Agosti

Naandika ndani ya pikapu, mchangani. Saa saba kasoro robo mchana.

Asubuhi nilipanda kwenye tangi nikampigia Ngaire. Nilimwambia yote, na lile la kofia pia. Akauliza maji yana baridi kiasi gani. Nikamwambia. Akauliza kama nitakuwa peke yangu. Nikasema kutakuwa na watu sitini kwenye mchanga.

"Na majini?"

Majini peke yangu, nikasema. Akasema nimpigie nikitoka, kabla ya kula, kabla ya kubadili nguo. Hakusema nisiende.

Kondoo wamekauka kabisa leo. Hakuna aliyeandika karatasi na hakuna aliyewagusa. Athol alikuja bandani, akakuta sote tumekaa kwenye gari, akaingia na yeye. Shona amefungua mageti yote matatu.

Tulipofika, Tiori na watu wake walikuwa wanatungoja mchangani. Tiori alisema maneno yake, marefu, maneno mengine ya lahaja yao sikuyashika. Rahui bado ipo. Haijafunguliwa kwa ajili yangu. Mimi naingia ndani yake. Tofauti hiyo aliieleza kwa sauti ili kila mtu aisikie, nami niisikie zaidi.

Mama yake Teone amenipa suti. Ni ya Teone, ya akiba, nene, ina kofia na glavu zake. Nilirudi nyuma. Nguo ya mtu ambaye hajazikwa! Akasema: "Yako imepasuka. Wiki ameniambia. Vaa." Tiori aliiombea, akainyunyizia maji. Nimeivaa. Miguuni ni ndefu, nimeikunja. Kifuani sawa.

Bahari si ile ya Jumatano. Mawimbi ya kesho yameanza kutuma vichwa vyao. Nimeyatazama saa nzima: yanakuja sita sita, halafu kimya cha kama dakika nne. La tatu ndilo kubwa. Sitapanda hata moja. Naingia kwenye ile njia ya rangi ya chai, kwa makusudi safari hii, nauacha mkondo unizungushe mpaka kwenye mpasuko. Nimefungwa kamba nyembamba ya nailoni kiunoni, ndefu, upande wa pili anashika Dallas juu ya rasi na vijana sita wa ukoo. Nikifika naifungua kiunoni, naifunga kwenye ile ya bluu, nainua mkono. Wao wanavuta. Taratibu, Tiori amewaambia, kama mnamtoa mtoto. Mimi narudi kwa nje, bila kamba, kama Jumatano.

Dallas ameifunga kamba kiunoni mwangu mwenyewe, akaijaribu mara tatu. Nilitegemea neno lake moja la kejeli. Alisema tu fundo liko upande wa kushoto, Pera, kushoto, vidole vikifa ganzi usilitafute kulia. Na kwamba ile karatasi ya tatu ya "wamelowa" ilikuwa yake. Naye alikuwa amechoka, alisema.

Sijui nitakuta nini. Siku saba. Nimeona kondoo waliokufa mtoni kwa siku saba, naacha hapo.

Naogopa. Mgongo unauma.

Maji yanakupwa kabisa saa saba na nusu. Baada ya hapo nusu saa, labda pungufu, na mpasuko unafungwa. Tiori amesimama kando ya dirisha, amenipa mgongo, anangoja nimalize kuandika bila kunihimiza. Yule mama amekaa mchangani karibu kabisa na maji, Shangazi Wiki pembeni yake. Wameleta shuka.

Daftari naliacha kwenye kiti. Kimya kingine cha mawimbi kikija, naingia.

Saa tisa nitakuwa nimerudi.